Tupa au mashine, oili mpya au chafu: uchague nini kwa msumeno wa petroli

Msumeno wa cheni, au pawasoo kama wengi wanavyouita Kenya, hauna vitu vingi: silinda moja, kabureta, klachi, upanga (bapa refu la chuma ambalo cheni inazunguka juu yake) na cheni. Matunzo yake ya kila siku hayafiki saa nzima. Kinachowachanganya watu ni kwamba karibu kila tunzo lina njia mbili au tatu, na kila fundi anaapia ya kwake. Hapa tunazipanga njia hizo ubavu kwa ubavu. Tumewafikiria zaidi wanaoangusha misindano na mikaratusi Mufindi na Njombe, na wale wanaopasua magogo magumu kwa mashine kubwa kama Stihl MS 070 na MS 381. Mwenye mashine ndogo ya shambani naye atapata yake, mradi abadilishe vipimo.

Kunoa: tupa ya mkono au mashine ya mezani

Tuanze na hesabu. Cheni yenye viungo 72 vya chini (vile vinavyoingia kwenye mfereji wa upanga) ina meno 36, kumi na nane kila upande. Jino lililoanza tu kufubaa linataka misukumo miwili au mitatu ya tupa. Basi ni misukumo 108 ukizidisha sana, dakika kumi hivi, na inafanyika palepale kwenye kisiki wakati injini inapoa kabla ya kujaza tangi jipya. Mashine ya mezani iko mjini, inataka umeme, na hadi uifikie umeshakata siku mbili na cheni butu. Hapo hasara imekwishaingia: cheni butu inakufanya uukandamize msumeno, upanga unapata moto, klachi inateleza, na petroli inaisha bila gogo kukatika.

Mashine nayo ina sifa ambayo mkono hauna. Inayarudisha meno yote kwenye urefu mmoja na pembe moja. Cheni iliyonolewa kwa tupa miezi mitatu na mtu anayetumia mkono wa kulia huwa na upande mmoja mfupi kuliko mwingine, na utaliona hilo kwenye mkato: msumeno unapinda kama barabara ya mlimani hata ukiushika sawasawa. Vilevile cheni iliyogonga jiwe au msumari haifai kupotezewa muda na tupa. Juu ya jino kuna tabaka jembamba la kromu, nalo ndilo linaloshika makali. Likimeguka, lazima chuma chote kilichoharibika kiondolewe mpaka kromu nzima ifikiwe. Ukiacha hata kipande kidogo, cheni itafubaa ndani ya nusu saa nawe utailaumu tupa.

Hatari ya mashine ni moto. Jiwe likikaa kwenye jino muda mrefu, ncha inageuka bluu. Chuma kilichoungua hivyo ama kinalegea na kufubaa upesi, ama kinakakamaa hadi tupa inateleza juu yake bila kung'ata. Ukirudishiwa cheni yenye meno ya bluu, huyo fundi usimpelekee tena. Anayejua anagusa na kuachia, anagusa na kuachia, na cheni inatoka na rangi yake. Grainda ya mkono yenye diski ya kukatia vyuma hatuiweki hata kwenye ulinganisho huu. Haina pembe, haina kipimo, inaunguza, na ikiruka inakata kiungo.

Ushauri wetu ni huu: tupa kila unapojaza tangi, au mara tu unga unapoanza kutoka badala ya vipande, na mashine kila baada ya wiki kadhaa ili kusawazisha, au pale cheni inapogonga kitu. Anayetumia mashine peke yake ataimaliza cheni mapema mno. Jino likibaki na urefu wa milimita 4, cheni imekwisha, hata kama bado inaonekana nzima.

Tupa lazima ilingane na cheni, na hapa makosa ni mengi kwa sababu dukani zote zinaitwa "tupa ya msumeno" (.325, 3/8 na .404 ni namba za ukubwa wa cheni):

- Cheni ya .325: tupa ya milimita 4.8
- Cheni ya 3/8 ndogo (mashine nyepesi za bustanini): milimita 4.0
- Cheni ya 3/8 ya kawaida: milimita 5.2 kwa Stihl, 5.5 kwa Husqvarna na Oregon
- Cheni ya .404 (ya MS 070): milimita 5.5

Kama namba imefutika kwenye cheni, pima umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana kisha gawanya kwa mbili. Milimita 9.3 ni 3/8, milimita 8.25 ni .325, na milimita 10.26 ni .404.

Namna ya kunoa jino moja, kwa anayetaka kuliona kwa karibu. Bana upanga kwenye jiliwa, au gongomea kwenye ufa wa kisiki, na weka breki ya cheni. Tafuta jino fupi kuliko yote. Hilo ndilo kipimo, mengine yote yatalifuata. Laza tupa ikiwa sambamba na ardhi, pembe ya nyuzi 30, moja ya tano hivi ya unene wake ikiwa juu ya uso wa jino. Sukuma kutoka ndani kwenda nje. Unaporudi, inua, tupa inakata kwenda mbele tu, na kuiburuta kurudi nyuma kunaiua. Usiipake oili. Ukimaliza, geuza jino kwenye jua. Makali butu yanarudisha mwanga, utaona uzi mweupe mwembamba kwenye ukingo. Makali kamili hayana uzi wowote. Huo mstari mweupe haudanganyi, tofauti na kidole gumba ambacho mafundi wengi wanakitegemea.

Kisha kuna kinundu kilicho mbele ya jino, ambacho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani. Kwa 3/8 na .325 kinapaswa kuwa chini ya jino kwa milimita 0.65, na kwa .404 milimita 0.80. Kipime kwa kipande cha geji kila baada ya kunoa mara tatu hadi tano, na kipunguze kwa tupa bapa. Njia ya pili, ya kukipunguza kwa jicho "ili msumeno uwe na kasi", inapendwa sana msituni, nayo ni ya hatari kuliko zote zilizotajwa hapa. Jino linazama kupita kiasi, cheni inakwama na kushtuka, na ncha ya upanga ikigusa kitu, msumeno unapiga teke kuelekea usoni. Geji ni bati dogo. Inunue siku hiyohiyo unayonunua tupa.

Jino lenye pembe au jino lenye bega la mviringo

Cheni zinakuja na meno ya namna mbili. Kwenye boksi za Stihl utaona RS kwa jino lenye pembe kali na RM kwa lenye bega la mviringo. La pembe linakimbia zaidi kwenye mti mbichi, laini na msafi. Kwa misindano inayoangushwa ikiwa imesimama hakuna kinacholipita. La bega linakata polepole kidogo lakini linavumilia vumbi, mchanga na mti mkavu. Gogo lililoburuzwa na trekta lina udongo ndani ya magome, na jino lenye pembe halimalizi tangi moja hapo.

Mbao ngumu zinaamua zenyewe. Kwa mninga uliokauka, mkongo, au mti wowote uliolala chini wenye vumbi, chukua bega la mviringo. Mvule una ubaya wa peke yake: ndani ya shina huweza kukaa vibonge vya chokaa vigumu kama jiwe, visivyoonekana kwa nje, na vikikutana na cheni ya pembe kali, cheni hiyo ndiyo inayopoteza.

Wanaopasua mbao kwa kufuata urefu wa gogo wana chaguo la tatu. Cheni ya kawaida ya nyuzi 30 imetengenezwa kukata kukatisha nyuzi za mti. Ukifuata urefu, inatoa mbao yenye mikwaruzo na inaivuta injini. Cheni hiyohiyo inolewe hadi nyuzi 10, taratibu, kwa kunoa mara kadhaa, na mbao zitatoka laini zaidi. Isirudishwe tena kwenye kuangusha miti. Tenga cheni mbili.

Kubadilishana cheni mbili ni jambo jema hata kwa asiyepasua, kwa sababu ya giya inayoizungusha cheni pale kwenye klachi. Cheni mpya juu ya giya iliyochimbika inarefuka upesi. Alama za meno kwenye giya zikipita kina cha nusu milimita, badilisha giya. Kawaida cheni mbili zinazopokezana zinachakaa pamoja na giya moja, na vyote vitatu vinabadilishwa kwa safari moja.

Mchanganyiko: 1:25 au 1:50, na oili ipi

Injini hii haina oili nyingine isipokuwa ile iliyomo kwenye petroli. Kwa 1:50, lita 5 za petroli zinachukua mililita 100 za oili, na lita 20 zinachukua 400. Kwa 1:25, mara mbili yake: 200 na 800. Vitabu vya Stihl vya mashine za zamani vinasema 1:50 kwa oili yao na 1:25 kwa oili ya kampuni nyingine, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Anayetumia 1:25 anapata kinga kama oili yake ni duni. Gharama yake ni moshi, plagi inayojaa masizi, na tundu la eksozi linaloziba taratibu hadi msumeno unakosa nguvu. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: oili inachukua nafasi ya petroli. Ukiongeza oili bila kugusa kabureta, petroli inayofika ndani imepungua, na injini inaweza kupata joto zaidi badala ya kupungua. "Nimeizidishia oili" si dawa ya kila kitu.

Kwa hiyo usianze na uwiano, anza na kopo. Tafuta maandishi ya JASO FC au FD, au ISO-L-EGD, ambayo ni alama za ubora wa oili. Oili hizo zimepimwa kwa injini zinazopozwa na hewa, na ukizipata, 1:50 inatosha hata kwa mashine inayofanya kazi kutwa. Oili ya 2T (ya kuchanganywa na petroli) isiyo na alama yoyote, au yenye JASO FB pekee kwenye mashine ya zamani, ipe 1:25 na ukubali kusafisha eksozi mara kwa mara.

Oili mbili zinazopatikana kirahisi hazifai. Ya kwanza ni ile ya injini za boti, yenye alama TC-W3, ambayo Pwani iko kila duka la vifaa vya uvuvi. Ni oili nzuri kabisa kwa kazi yake, ila injini ya boti inapozwa na maji na haifikii joto la silinda ya msumeno. Ya pili ni oili ya injini ya gari. Ina viambato vya madini ambavyo haviungui vizuri. Vinaacha majivu kwenye plagi na kuzibana ringi kwenye mifereji ya pistoni.

Pima oili kwa bomba la sindano la mililita 20 au chupa yenye mistari. Vifuniko havilingani. Tia petroli nusu, mimina oili yote, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Na tikisa kila mara kabla ya kujaza tangi. Usichanganyie ndani ya tangi la msumeno. Changanya ya kutumia ndani ya mwezi mmoja. Kama msumeno unalala muda mrefu, maliza mafuta yote na uache injini izime yenyewe, la sivyo ngozi nyembamba za kabureta zitakakamaa.

Oili nyingi za 2T zina rangi, na faida ya rangi ni kukuzuia usitie petroli tupu. Kosa hilo dogo linaua injini ndani ya dakika chache. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kununua msumeno uliotumika, fungua eksozi, vuta kamba polepole na utazame pistoni kupitia tundu. Pistoni nzima ina uso laini. Iliyowahi kukosa oili ina mikwaruzo ya wima, kama iliyopigwa msasa. Muuzaji akikataa eksozi isifunguliwe, umeshapata jibu.

Oili ya cheni: maalumu, ya giaboksi, ya mimea, au chafu

Oili chafu ya gereji ni ya bure au inakaribia bure, na ndiyo maana imejaa misituni. Ndani yake kuna chembe za chuma, masizi na maji. Pampu ya oili ya msumeno ni kitu kidogo chenye tundu jembamba, nazo chembe zinaikwangua na kuiziba. Kinachobaki hakishiki kwenye cheni. Kinarushwa chote kinapozunguka ncha. Na kinakurukia wewe: oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi siku nenda rudi inahusishwa na saratani ya ngozi.

Oili maalumu ya cheni ina gundi kidogo. Ibane kati ya vidole viwili na uviachanishe, itavuta uzi. Uzi huo ndio unaoifanya ifike ncha ya upanga na kurudi. Ni chaguo la kwanza pale inapopatikana kwa bei inayovumilika. Isipopatikana, baadhi ya vitabu vya Husqvarna vinaruhusu oili ya giaboksi EP 90, na sisi tungeichagua hiyo mbele ya oili mpya ya injini SAE 30 au 40, ingawa hata hiyo ya injini ni bora mara nyingi kuliko chafu.

Mafuta ya mimea yanalainisha vizuri na hayachafui chemchemi, kwa hiyo karibu na vyanzo vya maji tunayapendelea. Lakini chagua mmea. Alizeti inabaki kimiminika. Mawese yanaganda kwenye baridi ya asubuhi ya nyanda za juu, na pampu inavuta hewa wakati wewe unadhani tangi limejaa. Kigoma mchana hakuna shida, Makete alfajiri ni shida tupu. Mafuta yote ya mimea yanageuka gundi msumeno ukikaa wiki kadhaa, basi kabla ya kuuhifadhi, ukimbize kidogo kwa oili ya kawaida.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu kabla ya kukata. Elekeza ncha kwenye kitu cheupe, kisiki kilichokatwa karibuni kinatosha, umbali wa sentimita 20, ukibonyeza mafuta robo tatu kwa dakika moja. Mstari wa oili lazima uonekane. Usipouona, toa upanga, safisha mfereji kwa kipande cha bati, na zibua tundu dogo linaloingiza oili kwenye upanga. Kila ukinoa cheni, pindua upanga chini juu ili usiliwe upande mmoja, na mfereji ukipungua chini ya milimita 6 kwa 3/8 na .325, au 7 kwa .404, upanga umekwisha. Na jioni legeza cheni. Iliyokazwa ikiwa ya moto inasinyaa ikipoa, na inaivuta shafti na beringi usiku kucha.

Chujio la hewa na plagi, kwa kifupi

La nailoni linaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa. La kitambaa cha manyoya linagongwa taratibu na kupulizwa na kompresa kutoka ndani kwenda nje, bila brashi. Kuosha kwa petroli ni desturi ya wengi. Inaharibu gundi ya chujio na inaalika moto. Nunua mawili, moja likauke wakati jingine linafanya kazi, kwa sababu kishawishi cha "nimalizie gogo hili bila chujio" ndicho kinachokula pistoni na ringi. Funga choki kabla ya kulitoa, takataka zisidondokee kwenye kabureta.

Plagi: nafasi ya milimita 0.5, ibadilishwe kila baada ya saa 100 hivi. Kahawia ni sawa. Nyeusi yenye unyevu, angalia chujio kwanza kabla ya kugusa skrubu yoyote. Nyeupe, acha kukata.

Kabureta: kuiacha au kuigusa

Kama msumeno haujahama, iache. Skrubu ya LA (ya mwendo wa injini ikiwa haijabonyezwa mafuta) pekee ndiyo ya kuchezea: cheni ikizunguka wakati hujabonyeza mafuta, irudishe kinyume cha saa hadi itulie.

Anayehama ana habari nyingine. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na msumeno uliotoka Pwani utakuwa unakunywa petroli nyingi kupita hewa: moshi, nguvu hafifu, lakini haufi. Safari ya kushuka ndiyo inayoua. Uliorekebishwa mlimani ukipelekwa Rufiji bila kugusa H (skrubu ya petroli ya mwendo kasi), hewa inazidi petroli, joto linapanda na pistoni inang'ang'ania. Fungua H kidogo, kinyume cha saa, robo ya mzunguko au chini ya hapo, na sikiliza. Ukibonyeza mafuta yote bila mzigo, mlio mzuri unakohoakohoa kidogo. Mlio mwembamba ulionyooka kama filimbi, bila mzigo, ni hatari. Ukiingiza cheni kwenye gogo na kikohozi kikaisha, umefika. Funga kifuniko ukate.